Anyesi Namnyaki, Aliyekataa Kutapishwa

Mama yetu mpendwa, Anyesi Namnyaki binti Koikai, alizaliwa Terrat mwaka 1892, wakati sotoka ilipomaliza ng'ombe na baba yake akabaki na wawili. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba. Njaa ya ukame aliijua tangu utotoni, na alipoisimulia hakuwa na hasira. Njaa iliyomtia kinyaa ni ile ya makusudi, aliyoikuta baadaye.

Mwaka 1909 aliolewa na Lerionka wa Moshono, na mwaka uliofuata akapata mimba ya kwanza. Kuanzia mwezi wa tano wa mimba hiyo mama mkwe wake, Bibi Namelok, alimkataza maziwa na nyama. Kila asubuhi alimnywesha maji ya magome machungu ili atapike, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Wanawake wengi wa wakati ule walifanyiwa hivyo. Bibi Namelok hakuwa katili. Dada yake alikuwa amefia uzazini na mtoto amekwama. Lakini kila asubuhi alishika kijiti akakoroga matapishi ndani ya kibuyu kilichokatwa, akitafuta dalili ya chakula. Marehemu alisema ladha ya dawa aliisahau. Sauti ya kijiti kikikwaruza kibuyu hakuisahau.

Mtoto huyo alizaliwa Februari 1911, mdogo wa kutosha kulala katika viganja viwili. Maziwa ya mama hayakutoka, na mtoto aliishi siku tisa. Wanawake waliokuja kumpa pole walimsifu. "Umezaa vizuri," mmoja alimwambia, "hujachanika hata kidogo." Mtoto alikuwa amezikwa asubuhi ile ile.

Mwaka 1912 alikuwa mjamzito tena, na Nashilu, mke wa shemeji yake, alikuwa mjamzito pia. Walitapika katika kibuyu kimoja. Mmoja akimaliza, mwenzake alipiga magoti. Wakati huo kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kupalilia kahawa katika shamba la setla mmoja wa Kijerumani, ng'ambo ya mto Themi. Nyumba ile ilimtoa Namnyaki. Nyapara hakuuliza habari za tumbo. Aliyechelewa na mstari wake alichapwa. Huko, katika mistari ile ile, alikutana na Penina, mwanamke wa Kimeru.

"Wewe unanuka nyongo," Penina alimwambia. "Unaumwa?"

"Nina mimba."

"Nimezaa watano, sijanuka hivyo. Kaa hapa, kula kabla yule mbwa hajageuka."

Ulikuwa mtori wa ndizi wenye vipande vya nyama. Aliula siku hiyo, na kila siku ya kazi iliyofuata. Jioni hakutia kitu mdomoni, hivyo asubuhi kijiti cha Bibi Namelok hakikukuta chochote, na Bibi Namelok aliridhika.

Nashilu hakuambiwa. Alikuwa mcheshi asiyeweza kukaa na neno, na Namnyaki aliogopa kwamba siri ikitoka, chakula kitakoma. Oktoba 1912 alijifungua Mikaeli baada ya uchungu wa siku mbili, mtoto mnene, mama akiwa hai. Siku kumi na moja baadaye Nashilu alijifungua msichana mdogo bila taabu. Kisha damu ikaanza kutoka, na mwili ule uliokaushwa kwa miezi minne haukuwa na nguvu ya kushindana nayo. Kabla ya adhuhuri alikuwa amefariki.

Wanawake walipokaa msibani, Bibi Namelok alisema, "Nashilu alifuata kila kitu. Hata Namnyaki alifuata. Haya ni ya Mungu."

"Yeyo, mama, mimi sikufuata," Namnyaki alimjibu. "Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Mtori, kwa Mmeru, kule shambani."

"Mara ngapi?"

"Kila siku ya kazi."

"Na Nashilu alijua?"

"Sikumwambia."

Namnyaki alisimama, akachukua kile kibuyu, akakipasua juu ya jiwe la mlangoni. Bibi Namelok hakumzuia. Aliinama, akaokota vipande kimoja kimoja, akavitia motoni.

Watu wengi walimsifu marehemu kwa siku ile, naye alichukia sifa hizo. Alisema alikivunja wakati wa kumwokoa Nashilu ulipokuwa umekwisha. Kinyaa alichokuwa nacho kwa kibuyu kilikuwa kikubwa, na kile alichokuwa nacho kwa ukimya wake kilikizidi. Msichana wa Nashilu aliitwa Sinyati. Marehemu alimnyonyesha pamoja na Mikaeli, na sasa maziwa yalitosha.

Shule hakwenda. Alijifunza kusoma katika darasa la ubatizo mwaka 1914, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, akabatizwa jina la Anyesi.

Kazi yake ilikuwa ukunga. Mwanzoni nyumba nyingi zilimkataa. Wa kwanza kumwita alikuwa Bibi Namelok mwenyewe, mwaka 1915, mkwe wake mwingine alipopata mimba. Alimkuta bibi huyo amekaa kando ya binti, ameshika maziwa, anamhimiza anywe. Tangu hapo, mlangoni kwa kila mjamzito, swali lake la kwanza lilikuwa, "Amekula nini leo?" Mume mmoja alimjibu kwamba mkewe ameshiba. "Nionyeshe sahani," marehemu alimwambia. Alipoona haina hata tone la mchuzi, aliketi jikoni kwa yule bwana, akapika, akamwamuru asonge ugali.

Sinyati alipobeba mimba yake ya kwanza mwaka 1932, marehemu alimweleza yote, hata lile la kunyamaza. Sinyati hakuzungumza naye siku tatu. Siku ya nne alikuja, akakaa chini, akasema, "Mama, nina njaa."

Damu ya mwezi ya marehemu ilikoma mwaka 1941. Joto lilimpanda usoni hata kanisani, akatoka nje katikati ya mahubiri. Waliosema amekauka aliwajibu kwamba amemaliza zamu. Aliudhika zaidi na wale waliomwona msafi wa kushika mtoto mchanga kwa kuwa tu amekoma kuzaa. Mikono, alisema, ilikuwa ile ile.

Mwezi Machi mwaka huu, 1973, alianza kuugua tumbo, na hospitalini iligunduliwa kuwa ni saratani. Kwa miezi mitatu kila alichokula kilirudi. Yaliyomchukiza ujanani yalimrudia uzeeni, wala hatuwezi kuyasema kwa upole. Kila aliposhikiwa beseni alisema, "Usichungulie humo." Hatukuchungulia. Alifariki Jumanne tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi, nyumbani Moshono.

Mumewe Lerionka alitangulia mwaka 1958. Marehemu ameacha watoto watano: Mikaeli, Sinyati, Elinaza, Marta na Eunike, aliyeandika na kusoma maneno haya, wajukuu ishirini na sita na vitukuu kumi na wanne. Waliopokewa na mikono yake hatujui idadi yao. Wengi wao wamesimama hapa.

Aliacha agizo moja. Tukishamfunika kwa udongo, wajawazito wote waliopo wakaribie mezani kabla ya wachungaji, kabla ya wazee, kabla yetu sisi wafiwa. Mtori umepikwa na Sinyati. Mama alale salama, na asiwepo hapa anayemlilia akiwa na njaa.