Diwani Lucius Mabry, Aliyeleta Bomba Sweetgum

Huyu mnayemwona leo amelala kimya hakuwa mtu wa kunyamaza. Mjomba wetu Lucius Odell Mabry alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 hapa Sweetgum, Alabama, mtoto wa sita wa Hosea na Arletha Mabry. Walilima pamba ya mwenye shamba kwa nusu ya mavuno, na nusu hiyo hawakuwahi kuiona nzima. Maji waliyateka kisimani kwa tajiri, maili moja na nusu, nyumbu wake wa kulimia wakishakunywa.

Alisoma shule ya kanisa miezi minne kwa mwaka, maana iliyobaki ilikuwa ya pamba, akaishia darasa la nane mwaka 1953. Mengine alijisomea kwenye magazeti yaliyobandikwa ukutani kuzuia baridi. Alikuwa akisema habari zote za dunia alizijua, ila mwisho wake ulikuwa nyuma ya kabati.

Alikuwa mwashi hodari. Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na Earnestine Cobb, aliyekuwa amemkataa mara mbili kwa sababu ya viatu vyake vilivyojaa saruji.

Mwaka 1976 aligombea udiwani wa wilaya, kiti ambacho Mweusi hakuwa amewahi kukikalia. Ahadi yake ilikuwa moja tu: bomba la maji lifike Sweetgum. Gazeti la mjini lilikataa picha yake, basi akaichapisha kwenye mapepeo ya karatasi tunayojipepea kanisani. Lahaula, mchapaji alikuwa amezoea mapepeo ya kampuni za mazishi, yenye picha za marehemu! Chini ya picha akaacha maneno: "Hatutakusahau." Jumapili ile akina mama wakamiminika kwake na kuku wa kukaanga na keki, huku wanalia. Akawafungulia mlango mwenyewe.

"Lucius, si umekufa wewe?" akauliza Mama Verdell Suggs.

"Bado, mama. Nasubiri uchaguzi kwanza."

"Na keki yangu je?"

"Keki iache. Kura ndiyo uipeleke."

Alishinda kwa tofauti ya kura thelathini na nane. Waliokuja kumlilia walizidi hamsini, pigeni hesabu wenyewe.

Madiwani wenzake walimgomea miaka mitatu. "Watu wako wamezoea kisima," mmoja alimwambia.

"Na mimi nimezoea kuwasumbua," akajibu, akaleta hoja ile ile kila kikao mpaka wakachoka wao. Tarehe 4 Oktoba 1979 maji yakafika. Bibi Arletha, mwenye miaka sabini na tisa, akafungua bomba jikoni, akakataa kulifunga.

"Mama, yanamwagika," Mjomba akamwambia.

"Yaache. Nimeyabeba miaka sitini, leo yatembee yenyewe."

Mjomba alitumikia vipindi sita. Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017, akafariki nyumbani tarehe 11 Februari 2019, mkono wake mkononi mwa Earnestine.

Ameacha mjane, watoto wanne, Hosea, Lorraine, Dessie na Thaddeus, wajukuu kumi na mmoja, na kaya mia mbili na kumi na nne za Sweetgum ambazo leo, tukishamzika, zitaosha vyombo bila mtu kwenda kuteka maji popote. Mzigo ameutua, nasi kiu hatuna. Apumzike kwa amani.