Mtoto Asiyejibu

Ndani ya basi la Kasulu, bibi Theodosia alimsikia mwalimu akimsuta mama mkimbizi wa Burundi aliyeketi kando yake. “Mama Niyitegeka, mwanao hajibu kitu darasani. Nikimchapa analia bila sauti. Kiburi hicho.”

“Si kiburi, mwalimu. Tulipokimbia vita tulijificha porini, askari wakipita karibu. Kila alipofungua mdomo nilimfinya mpaka akanyamaza.”

“Sasa yuko Tanzania. Mwambie aseme.”

“Namwambia kila siku. Ananitazama mikono.”

“Basi niachie mimi. Kilichomnyamazisha ndicho kitakachomsemesha.”

Theodosia alingoja mama amjibu mwalimu. Basi likasimama, mama akajitwika mzigo wake, akashuka kimya. Mwalimu akamgeukia Theodosia: “Umeona, bibi? Kama mwanawe tu.”