Tarehe Iliyo Chini ya Picha ya Kaingu

Wafiwa wapendwa, majirani wa Buxton, jamaa mliotoka Rabai alfajiri, na nanyi wazee wetu wa Kibokoni mliokuja kutushika mkono, historia hii ya ndugu yetu Elkana Kaingu Mung'aro imeandikwa na mdogo wake, Tsuma, ambaye ndiye aliyesimama hapa, na kwa kuwa hapa si mahali pa mtu kujisemea nafsi yake, Tsuma atatajwa kwa jina kama mtu mwengine yeyote, na yaliyo yake yatasomwa kama yalivyo.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1984, huko Rabai, mtoto wa kwanza wa Mzee Mung'aro, aliyekuwa karani bandarini, na Mama Sidi, akapewa jina la babu yake kama ilivyo ada yetu, na miaka mitatu baadaye akafuatiwa na Tsuma, ambaye tangu ajue kutembea alikuwa mkia wa kaka yake, hata mama akawa haiti majina mawili, akiita Kaingu hujua watakuja wote. Familia ilihamia Buxton, hapa Mombasa, mwaka 1990, marehemu akasoma shule ya msingi karibu na nyumbani kuanzia 1991 hadi 1998, kisha shule ya upili huko Ribe hadi 2002, ambako aling'ara katika jiografia na kuanguka hesabu, jambo ambalo alilisimulia mwenyewe kwa kicheko, kwa maana Kaingu hakuwa mtu wa kuficha.

Januari 2003 aliajiriwa katika studio ya picha ya Mzee Abdulghafur, pale Ndia Kuu, kwanza kwa kufagia, baadaye kwa kupiga picha za pasipoti na za maharusi, na Mzee, ambaye tunaye hapa mbele, alimfunza kwamba picha isiyo na tarehe ni porojo tu, basi tangu siku hiyo hakuna picha iliyotoka mkononi mwa Kaingu bila siku na saa kuandikwa chini yake. Mwaka 2010 alijifunza kupiga mbizi, na hapo ndipo alipopata riziki na raha yake, akawa anashuka kwenye matumbawe kupiga picha kasa, pweza na samaki aitwaye taa, halafu anapanda Shimba, Kasigau na Taita kupiga picha misitu na mawingu, na kalenda nyingi zilizotundikwa majumbani mwenu ni kazi yake.

Mpiga mbizi mwenye kamera haoni ila kilicho mbele ya kioo chake, kwa hiyo sharti awe na mwenzake wa kumwangalilia saa na hewa iliyobaki mtungini, na mwenzake huyo kwa miaka kumi na minne alikuwa Tsuma, kila alipopata likizo ya kazi yake bandarini. Kaingu alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja, kwamba bahari na mlima havikutani siku moja, kwa sababu hewa inayomwingia mtu mwilini akiwa chini ya maji hutaka muda wa kutoka, na anayepanda juu kabla haijatoka hujitakia madhara, basi baada ya kuzamia alikuwa akilala usiku mzima na kushinda kutwa kabla ya kukanyaga kilima.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Jael tarehe 7 Desemba 2013, kanisani Mazeras, wakajaliwa binti mmoja, Sidi, jina la bibi yake, tarehe 2 Septemba 2015. Jael anaogopa maji hata ya magotini, na kila mumewe alipomwonyesha picha za pweza alijibu kwamba yeye pweza anayemjua ni wa mchuzi, wakacheka, lakini kila safari alimwomba Tsuma amrudishie mume wake mzima, na Tsuma kila mara alimwambia, shemeji, ondoa shaka.

Sasa ni habari ya ugonjwa. Katika maandishi yaliyopitishwa na kamati ya mazishi, mahali hapa pana mstari mmoja, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mstari huo aliuandika Tsuma, na leo ameuruka.

Tarehe 7 Februari mwaka huu, 2026, asubuhi, ndugu hawa wawili walizamia nje ya mlango wa bahari, mahali penye kina kirefu, Kaingu akapiga picha ya pweza akiwa mlangoni mwa pango lake. Walikuwa wamekusudia kupumzika na kwenda Taita kesho yake jioni, lakini Tsuma alitakiwa kazini Jumatatu, akaona likizo inakwisha bure, akamshikilia kaka yake waondoke mchana huohuo. Kaingu alikataa mara mbili, Tsuma akamtania kwamba amezeeka, anaogopa vilima, na Kaingu, ambaye hakuweza kumnyima mdogo wake kitu, akacheka na kuingia garini. Kabla ya magharibi, huko juu, bega lilianza kumuuma na miguu kumfa ganzi, Tsuma akasema ni uchovu wa safari, akamkanda kwa mafuta ya nazi, na asubuhi kaka yake hakuweza kusimama.

Jumapili adhuhuri, hospitalini hapa Mombasa, Jael alipokwenda kumwandikisha mumewe, daktari aliuliza ni lini mgonjwa alizamia mara ya mwisho. Tsuma akajibu, Ijumaa. Daktari akamgeukia mgonjwa, na Kaingu, mwenye akili zake zote, akamtazama mdogo wake, kisha akasema ni kama alivyosema huyu. Jumanne daktari aliuliza tena, na Tsuma akarudia Ijumaa, ole wake, kwa sababu uongo ukishatoka huona haya kurudi ndani. Damu iliganda miguuni, ikapanda mapafuni, na Kaingu akafariki Alhamisi, tarehe 12 Februari, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na moja. Kama ukweli ungalimwokoa, Tsuma hajui, wala hatajua.

Lakini tangu matanga yaanze amewasikia watu wakisema kwamba Kaingu aliichezea bahari, na juzi Sidi aliuliza kwa nini baba hakujali, na Tsuma yupo hapohapo. Sidi, baba yako alijali. Jael, uliahidiwa mume mzima, na aliyekuahidi ndiye aliyekukosesha, hana uso wa kukuomba msamaha, lakini anakuomba.

Familia inamshukuru Mzee Abdulghafur, majirani kwa vyungu na viti, wafanyakazi wenza wa marehemu, na madaktari na wauguzi, walioutafuta ugonjwa siku nne mahali ambapo haukuwapo, kwa kuwa walipewa siku ya uongo, nao wanaombwa radhi mbele yenu.

Geuzeni karatasi mlizoshika. Nyuma kuna pweza, picha ya mwisho ya marehemu, na chini yake, kama alivyofunzwa Ndia Kuu, ameandika siku na saa, ila mwandiko ni mdogo, na wengi wenu hamkuusoma.

Kaka Kaingu, pumzika kwa amani. Ilikuwa Jumamosi.