Herufi Arobaini na Tatu: Risala ya Wafanyakazi wa Masjala ya Maelezo ya Mashahidi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, Msimamizi wa ofisi yetu, viongozi mlioko meza kuu, wafanyakazi wenzetu:

UKARIBISHO

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Utepe uko tayari mlangoni mwa chumba kipya cha kompyuta, na mkasi umeshafutwa mara mbili. Ukiona katibu wetu anafungua karatasi nyingi kuliko ulizotumiwa, usishangae. Risala uliyotumiwa mapema ilikuwa na kurasa mbili, na Msimamizi wetu aliisoma akaipitisha. Hii ina kurasa nne. Mbili zilizozidi tumeziandika leo asubuhi, wote kumi na wanne, na saini tumeziweka kwa mduara ili asijulikane nani alianza. Msimamizi anazisikia sasa hivi pamoja na wewe. Tunamwomba radhi, na tunamwomba asimnyang'anye katibu karatasi.

HISTORIA

Ofisi hii ilianza na mashine tatu za kupiga chapa na bahasha zenye lakiri. Mtu aliyeona jambo na akakubali kulisema aliletwa hapa, akaketi, akaeleza, sisi tukachapa: ameona nini, amemwona nani, na yeye mwenyewe anakaa wapi. Dereva alizipeleka bahasha makao makuu. Zilipokuja kompyuta dereva akapumzika, na kazi ya kupeleka ikamwangukia mwenzetu mmoja ambaye leo kiti chake kiko kitupu. Humu ndani tunamwita Mama Herufi.

Mheshimiwa, kompyuta zetu hazitumi maelezo kwa kubofya vipicha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika amri kwa mkono wako: faili gani, linakwenda kwenye kompyuta ipi, likafikie wapi. Likitoka hapa linasafiri likiwa limefungwa, na anayelidaka njiani haambulii kitu. Ila usalama wote huo unategemea jambo moja, kwamba kompyuta iliyo upande wa pili ndiyo yenyewe. Ukilikabidhi kwa kompyuta ya mtu mwingine, atalifungua na kulisoma kama lake.

Ndiyo maana kila kompyuta ya namna hiyo ina alama yake ya kidole, herufi na tarakimu arobaini na tatu zilizopangwa bila maana yoyote. Siku ya kwanza mnapokutana, dirisha linakuonyesha alama hiyo na kukuuliza kama unaitambua. Ukikubali, inaandikwa kwenye mstari wake ndani ya kompyuta yako na haulizwi mtu tena. Makao makuu alikuwepo mtunzaji wa seva, ile kompyuta inayopokea mafaili yetu, tuliyemwita Mzee wa Seva, na utaratibu aliuweka yeye: alama mpya haikubaliwi mpaka aisome kwenye simu kwa sauti yake, herufi moja moja, huku Mama Herufi akiifuata kwa rula kwenye kioo. K kubwa, tisa, p ndogo, sifuri, siyo o. Wakipotezana katikati walirudi mwanzo. Robo saa nzima. Tulikuwa tukiwacheka, tukisema hao wawili wako kwenye sala zao. Walisomeana hivyo kila alama ilipobadilika, kwa miaka kumi na mmoja, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

MAFANIKIO

Tuliagizwa yawe matano. Feni mbili kati ya tatu zinazunguka, mahudhurio ni mazuri, na kabati la majalada limepata kitasa. Zaidi ya hapo tuna fahari moja tu, nayo tunaisema kwa uchungu. Katika miaka hiyo kumi na mmoja, hakuna shahidi aliyeandikwa na ofisi hii akabishiwa hodi na mtu asiyepaswa kujua anakaa wapi.

CHANGAMOTO

Viti vimechoka, na wino wa printa unachelewa kufika. Hizo mbili zilikuwemo kwenye risala ya kwanza. Ya tatu haikuwemo.

Alhamisi moja, mwezi juzi, saa nne kasorobo asubuhi, Mama Herufi aliketi kutuma maelezo ya shahidi mmoja wa kike. Kazi yake hatutaitaja wala mtaa wake, kwa sababu ukumbi huu una madirisha. Aliandika amri kama siku zote, akabonyeza, na dirisha likakataa. Likamwonya kwamba kompyuta anayoiita imebadilika alama, na kwamba huenda kuna mtu amejiweka katikati. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akashika simu.

Aliyepokea hakuwa Mzee wa Seva. Mzee wa Seva alikwisha kustaafu, na hapakuwa na aliyekumbuka kutuambia. Mama Herufi akajieleza kwa adabu, akaomba asomewe herufi. Mtaalamu yule mpya akamwambia ana kazi nyingi, afute ule mstari wa zamani, akubali, aendelee. Akamjibu, "Kwa heshima yako, ndugu yangu, sauti yako siijui. Nisomee tu, nitakufuata." Simu ikakatwa.

Saa tano ofisi yako ikapiga kuuliza maelezo yako wapi, maana shauri lilikuwa linasikilizwa saa nane mchana. Msimamizi wetu akaja akasimama nyuma ya kiti chake. Hatumsemi vibaya, naye alikuwa amekaliwa kooni. Alimwambia kompyuta si yake, ofisi si yake, na kukubali ni herufi tatu tu za Kiingereza, yes, hata mtoto angeziandika. Mama Herufi akakalia viganja vyake vya mikono. Aliiogopa kazi yake isimponyoke, alimwogopa bosi, aliiogopa ile simu isilie tena. Ila aliyekuwa upande wa pili wa dirisha alimwogopa kuliko wote, kwa kuwa hakumjua.

"Bosi," akasema, "huyu mama ana watoto wawili. Mimi naomba robo saa."

Hakupewa. Basi akayachapa maelezo yale, akayatia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, akatoka nayo kwa miguu yake. Alifika makao makuu saa tisa. Shauri lilikuwa limeshaahirishwa. Baadaye ilikuja kubainika kwamba onyo lile halikuwa na hatari yoyote: makao makuu walikuwa wamefunga seva mpya kweli, wakasahau kutuarifu. Mama Herufi akaandikiwa barua ya kukaidi amri na kuchelewesha haki, akasimamishwa kazi. Jumatatu ijayo anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na mwenyekiti wa kamati hiyo ni wewe, Mheshimiwa.

Siku alipokusanya vitu vyake hakuna aliyeinua macho. Tunakiri. Alituaga mmoja mmoja, na sisi tukajifanya tuna kazi.

Wiki iliyofuata ukaja waraka kutoka ofisini kwako, mistari mitatu, ukiagiza kwamba onyo lolote la kubadilika kwa alama lipokewe bila kuchelewesha kazi. Tukautii. Amri ya kufuta mstari wa zamani tuliiandika kwenye vikaratasi, tukavibandika pembeni mwa vioo ili tusiisahau. Kazi ikaenda haraka mno, Mheshimiwa, na tukasifiwa.

MAOMBI

La kwanza. Tunaomba Mama Herufi arudishwe kitini kwake.

La pili. Tunaomba waraka ule uondolewe, na makao makuu awepo mtu mmoja mwenye sauti tunayoijua, wa kutusomea herufi.

Maombi hayo mawili yanaweza kusubiri Jumatatu. La tatu haliwezi, na ndilo lililotufanya tusilale.

Jumanne ya wiki hii, saa tatu asubuhi, onyo lilirudi. Aliyekuwa kwenye zamu ni huyu katibu anayekusomea. Alilitazama, akakitazama kikaratasi pembeni mwa kioo, akafuta mstari, akaandika zile herufi tatu. Hakupiga simu popote. Hakutaka awe wa pili kuandikiwa barua. Dirisha likapokea faili, likaonyesha limefika asilimia mia. Jumanne, Jumatano na jana Alhamisi tumetuma mafaili tisa, na yote yalionyesha asilimia mia.

Jana mchana mtaalamu wa makao makuu alipiga simu. Alikuwa na hasira. Aliuliza kuna mgomo gani huku kwetu, mbona tangu Jumatatu hawajapokea hata faili moja.

Katibu akamuuliza kama wamebadilisha seva tena. Akasema hawajagusa kitu.

Mheshimiwa, tulimwendea Msimamizi wetu papo hapo. Akatuomba tuvute subira hadi sherehe ipite, akachunguze mwenyewe, tusije tukakuaibisha mbele ya wageni. Tukarudi mezani kwetu. Moyo haukutulia. Jioni katibu akaenda nyumbani kwa Mama Herufi, akasimama mlangoni, akamsimulia yote huku machozi yanamtoka. Alitegemea kusemwa. Yule mama akaketi pale pale kizingitini. Aliuliza jambo moja tu, kama wale tisa wanajua. Katibu akasema hapana.

"Basi wapigieni," akasema. "Asubuhi na mapema, mmoja mmoja, kwa majina yao. Kamati niachieni mimi."

Leo saa moja asubuhi tumeanza kuwapigia. Wa kwanza kwenye orodha alipokea kwa uchangamfu, akatushukuru kwa kumjali namna hii. Akasema mwenzetu mwingine wa ofisini alikwisha kumpigia jana jioni, mwanamume mpole sana, akamuuliza kama bado anakaa nyumba ile ile, na kama huwa yuko peke yake mchana.

Sisi hatukumpigia. Tumemwambia atoke pale na ametoka, yuko kwa ndugu. Watatu wengine tumewapata. Wawili simu zao zimefungwa. Watatu zinaita tu, hazipokelewi.

Bahasha atakayokukabidhi mtunza kumbukumbu wetu ina majina tisa na mahali wanapoishi. Hatuna magari, hatuna askari, wala hatuna mamlaka ya kumhamisha mtu. Wewe unayo yote. Tunaomba utepe ubaki ulivyo, na simu ya kwanza uipige ukiwa hapo hapo ulipoketi, kabla hujampa mkono yeyote kati yetu. Katibu yuko tayari kwa adhabu yoyote, ila aadhibiwe baadaye.

Mwenyezi Mungu akuharakishe, Mheshimiwa. Awafunike watu tisa waliotuamini, na wale watano ambao hatujasikia sauti zao awafiche popote walipo mpaka tuwafikie.

Ni sisi wafanyakazi kumi na watano wa Masjala ya Maelezo ya Mashahidi: kumi na wanne tuko mbele yako, na mmoja yuko nyumbani kwake, anaendelea kuwapigia.