Sajini Kithaka, Aliyeliliwa Mara Mbili

Marehemu Sajini Ephantus Kithaka alizaliwa mwaka wa 1945 karibu na Siakago, mwana wa pekee wa mama mjane. Alichunga mbuzi pamoja na jirani na rika lake, Mbaka, ambaye leo ameketi safu ya mbele. Siku moja wavulana hao walirina asali kwenye mzinga wa watu. Mbaka alikimbia, Kithaka alishikwa, akachapwa, na hakumtaja mwenzake.

Alisoma hadi darasa la saba. Tarehe 3 Machi 1964 alijiunga na jeshi, akatumikia miaka kumi na minane, mingi yake mpakani kaskazini, ambako maji yaligawiwa kwa kifuniko cha chupa. Alisema huko ndiko alikojifunza kungoja. Mwaka wa 1970 alimwoa Cicily, wakaishi kambini Nanyuki.

Kila mwezi alimwandikia mama yake barua. Mama hakujua kusoma; Mbaka ndiye aliyemsomea. Mwaka wa 1975, mashamba yakipimwa, Mbaka alifungua barua moja mbele ya kamati ya ardhi akasoma yasiyoandikwa: Kithaka ameuawa mpakani. Kwa kuwa mama hakuwa na mrithi mwingine, shamba lake likaandikwa jina la Mbaka. Mama akanyolewa nywele kama mfiwa, akamlilia mwana aliye hai. Alikufa miezi minne baadaye.

Alipostaafu na kurudi nyumbani, akijua yote yaliyotendeka, Sajini hakumpiga mtu. Kila asubuhi, kwa zaidi ya miaka arobaini, alisimama kwenye ua wa jirani yake.

“Mbaka! Maiti amekuamkia. Umelalaje?”

“Wewe mzee, si uende kanisani ukasamehe!”

“Maiti haendi kanisani. Hubebwa.”

Juni 2021 mahakama ilimrudishia shamba. Salamu hazikukoma. Hata ugonjwa wa sukari ulipomfanya akatwe mguu mwaka wa 2023, alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye ua ule ule.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025 hospitalini Embu, Cicily akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane wake, watoto Muchangi, Joyline na Mwaniki, na wajukuu saba.

Utotoni hakumtaja mwenzake. Aliagiza kwamba leo atajwe. Mzee Mbaka, udongo wa kwanza ni wako. Simama utangaze tena kwamba Kithaka amekufa. Safari hii utakuwa umesema kweli.

Sajini na alale sasa, shambani kwa mama yake.