Miguu ya Silima na Mchele wa Rangoni

Wawi, kisiwani Pemba, mwaka wa hamsini na tisa, ikishasaliwa Alasiri hukuwa na haja ya kuuliza watu wako wapi. Walikuwa kwenye baraza ya udongo pale njia panda, ambapo Ngwali muuza kahawa aliweka dele lake juu ya makaa na kugonganisha vikombe mpaka asiye na hamu akaipata. Hapo alikaa Jecha Meli, aliyeitwa hivyo kwa kuwa ujanani alikuwa mpishi melini na kufika bandari ambazo wenzake walizijua kwa maandishi ya magunia tu. Hapo alikaa Pandu Redio, ambaye redio hakuwa nayo, ila alikuwa na jirani mwenye nayo na ukuta mwembamba. Na hapo alifika Silima, mchumaji karafuu, akiegemea bakora, akaketi na kuivuta miguu yake mmoja mmoja kama anayevuta mizigo ya watu.

Silima alikuwa na aibu moyoni. Karafuu zilipozaa sana, yeye na mkewe Mize walipata pesa, na kwa furaha akaapa kuwa muhogo hautaingia tena nyumbani mwake. Muhogo ni chakula cha dhiki, alisema, na dhiki imekwisha. Tangu hapo akawa hali ila mchele wa Rangoni uliokuja kwa meli, mweupe pepepe, kwa samli na sukari, asubuhi na jioni. Samaki aliwaona wananuka, kunde akaziachia kuku. Mize alinung'unika wee, mwisho akachoka, akawa anakwenda kula muhogo wake kwa mama yake. Ikapita miezi. Nyayo za Silima zikaanza kufa ganzi. Siku moja alikanyaga kaa la moto asijue mpaka aliposikia harufu. Juzi alipanda mkarafuu, akafika tawi la pili, mguu ukakataa amri. Ilibidi ashushwe kwa kamba. Hakumwambia mtu hofu iliyomshika kule juu, maana mchumaji asiyeweza kupanda ni nani tena?

Asubuhi hiyo alikuwa ametoka hospitali, mjini Chake.

— Kasema nini daktari? aliuliza Jecha.

— Beriberi. Nilidhani ugonjwa ni beri, ila kautaja mara mbili.

Akawaeleza. Mchele ule, daktari alisema, umekobolewa mashineni hata ngozi yake ya ndani imekwenda, na nguvu ya miguu imo kwenye ngozi hiyo. Ale mchele wa kutwangwa nyumbani, na kunde, na samaki, na mboga.

Jecha hakukubali. Rangoni alifika mwenyewe, na huko aliona makuli walao wali mtupu wakibeba gunia kila bega, na miguu yao kama nguzo za msikiti. Kosa si la mchele, ni la bahari. Mchele ukikaa majini mwezi mzima nguvu yake hulowa, ikashuka chini ya gunia, na gunia la chini hununuliwa na watu wa Unguja.

— Na mgeni njoo, mwenyeji apone, alimalizia, ingawa hapo mgeni alikuwa ndiye amemlaza mwenyeji.

Pandu akasema bahari haina hatia. Yeye alisikia, kupitia ukuta, kwamba kila nchi na chakula chake. Mwarabu ala tende, ndiyo maana avumilia jua. Mngereza ala kiazi, na kiazi hakiulizi shamba ni la nani, huota tu. Watu walicheka mpaka Ngwali akamwaga kikombe. Pandu akapata moto.

— Yakhe, mchele wa Rangoni wasema Kirangoni. Miguu yako yajua Kipemba tu. Waiambia panda, nayo yangoja mkalimani.

Silima naye alicheka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo kifua kikawa chepesi. Kama kosa ni la bahari au la lugha, basi si la kiapo chake.

Hapo akasimama mwanamke mwenye pakacha kichwani, mgeni wa njia ile. Alisalimia, akajitaja kuwa ni Mwanakhamis wa Vitongoji, binamu yake Mize, anaitafuta nyumba ya huyo Mize. Alikuwa ameusikia ubishi kutoka mbali. Sauti ya Jecha ilizoea kushindana na mashine za meli.

— Samahani, kaka zangu. Dunia mumeizunguka yote. Leo hapa nani kala kitu kilichoota Pemba?

Jecha akaikumbuka asubuhi yake. Alikuwa amekula mkate, na ngano haioti Pemba. Pandu alikuwa amekunywa chai kwa biskuti. Akatazama kikombe chake cha kahawa, akaona nacho kimekuja kwa meli. Silima alihesabu kimoyomoyo: mchele, samli, sukari. Akarudi nyuma jana, na juzi.

— Mie nimekunywa maji, alisema. Ya kisimani kwetu.

Baraza nzima ikaangua kicheko, na Mwanakhamis pia, pakacha likitikisika kichwani. Silima akashika bakora, akasimama taratibu.

— Nyumba uitafutayo ni yangu, shemeji. Twende.

Ndani ya pakacha mlikuwa na muhogo, kunde na ng'onda, samaki wa kukaushwa. Usiku Mize alipika, akaweka sahani mbele ya mumewe, akakaa kumtazama. Silima alikula kipande kimoja cha muhogo, akala cha pili. Mize akamuuliza kama aongeze.

— Ongeza, alisema. Na mpunga uliobaki wa mbegu, kesho utwange kidogo. Usiutwange sana.

Miguu haikurudi kwa siku moja. Kwanza zilirudi sindano nyayoni, kisha baridi ya umande, kisha maumivu, na Silima aliyafurahia maumivu kama barua ya ndugu. Msimu wa pili ulipoingia alipanda mkarafuu hadi kileleni, akakaa huko zaidi ya haja, akiwaangalia wenzake walio chini.

Jioni yake alifika barazani bila bakora. Jecha akasema alijua: pepo zimegeuka, meli sasa hukaa baharini siku chache. Pandu akasema la, miguu imejifunza Kirangoni. Wakamgeukia Silima aamue.

Silima alinyoosha mkono apewe kikombe kwanza. Ngwali akainamisha dele. Likatoa tone moja; kahawa ilikuwa imekwisha, na hukumu ikangoja kesho.