Vipimo vya Mke wa Seremala

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mama mmoja alimnong'oneza muuguzi aliyekutana naye humo humo. "Dada, mume wangu ni seremala. Tumenuniana mwezi mzima. Sasa nikilala mchana ananipima kwa futi, utosini mpaka unyayoni. Si ananichongea jeneza huyu?"

"Labda kitanda, mwenzangu."

"Kitanda tunacho! Siku hizi nalala nimejikunja, vipimo vimpotee."

Muuguzi akamshika mkono, wala hakucheka. Mimi nilijifanya nakohoa.

"Na kikiwa kitanda kweli, utalala umejikunja mpaka lini?" muuguzi akamuuliza.

Basi likasimama. Kituoni mvua ilinyesha. Mwanamume mwenye penseli sikioni akampokea mama kikapu, akamfunika mwavuli wote, yeye akalowa. Mama akaandamana naye, amekunja magoti.